Je, Wajua? Maajabu ya Ukoo wa Mnavu

Kisian inajulikana zaidi kwa kituo cha KEMRI na utafiti wa malaria. Lakini hata kwenye meza ya mama mboga, pale barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia, kuna sayansi ya kukuduwaza. Nyanya, viazi, hoho, biringanya na mafungu ya mnavu (osuga yenyewe, kwa Kijaluo!) ni ndugu wa ukoo mmoja. Sehemu kubwa ya tofauti zao inatokana na protini zinazofanya kazi kama swichi: zinashika DNA na kuamua jeni ipi iwake, ipi izime, lini na wapi. Nyanya ina jeni zipatazo 35,000, na karibu 1,800 kati ya hizo zinatengeneza swichi tu.

Mnavu una kromosomu nyingi kuliko anayeuchuma

Binadamu ana kromosomu 46. Mnavu wa majani mapana, Solanum scabrum, ule ambao majani machache tu yanatosha kujaza fungu, una 72! Nyanya ina 24, yaani seti mbili za 12. Mnavu huu una seti sita. Ndugu yake Solanum villosum, mwenye vitunda vya rangi ya chungwa, ana 48. Kwa hiyo swichi ambayo nyanya inayo kwa nakala mbili, mnavu unaweza kuwa nayo kwa nakala sita. Moja ikibadilika, zilizobaki zinaendelea na kazi, na mmea unapata nafasi ya kujaribu mapya bila kuhatarisha maisha yake. Na hii ndiyo mboga iliyowahi kuitwa magugu na chakula cha maskini! Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno kabla ya kwenda JKUAT, ni miongoni mwa waliopigania heshima ya mboga hii. Mimi sijaona hazina kubwa kuliko hii ikiuzwa kwa bei ndogo hivyo.

Herufi moja ilitupunguzia utamu

Nyanya za kisasa karibu zote zimebeba kosa la herufi moja ya DNA, kati ya herufi zipatazo milioni 900. Itazame nyanya ya kienyeji kabla haijaiva: huku juu, karibu na kikonyo, ina mabega ya kijani kilichokolea. Nyingi za kisasa hazina mabega hayo. Ni kijani hafifu kila upande. Wazalishaji wa mbegu waliipenda sura hiyo katika karne iliyopita, kwa kuwa tunda linaiva rangi moja na ni rahisi kujua siku ya kulichuma. Kilichojificha nyuma yake kilielezwa mwaka 2012 katika jarida la Science. Herufi moja imejipenyeza ndani ya jeni ya swichi iitwayo GLK2, nayo swichi ikaharibika. GLK2 ndiyo inayolijaza tunda changa chembechembe za kijani zinazotengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Tulichagua sura, utamu ukapungua. Swichi hiyo hiyo inachangia pia kuamua ukijani wa pilipili!

Hoho ina DNA nyingi kama wewe

DNA ya pilipili ina herufi zaidi ya bilioni 3, karibu sawa na ya binadamu na zaidi ya mara tatu ya ile ya nyanya. Jeni zake, hata hivyo, hazizidi sana za nyanya. Kilichojaza nafasi ni vipande vilivyojinakili tena na tena kwa mamilioni ya miaka.

Kiazi kinajua saa

Viazi vya kwanza kutoka milima ya Andes vilitatizika Ulaya kwa sababu mchana wa kiangazi ulikuwa mrefu mno. Vilizoea mchana wa saa 12 hivi, kama wetu: Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi kutoka Kisian, na mchana wa huku haubadiliki zaidi ya dakika chache mwaka mzima. Kaskazini mwa Ulaya mchana wa Juni hupita saa 16, kwa hiyo mmea ulingoja siku zifupike ndipo uweke viazi, baridi nayo ikiwa mlangoni. Mwaka 2013 swichi husika ilitambuliwa: CDF1. Viazi vilivyozoea Ulaya vina CDF1 iliyokatika mkia, isiyosafishwa kirahisi na mmea wakati wa mchana mrefu.

Kobe alisaidia kuotesha nyanya

Shika kikonyo cha nyanya. Katikati utaona kifundo kilichovimba. Hapo ndipo tunda linapokatikia. Visiwa vya Galápagos vina nyanya pori isiyo na kifundo hicho. Mbegu za nyanya za huko zilimgomea mtafiti Charles Rick wa California, mpaka alipozilisha kobe wakubwa na kuziokota kwenye kinyesi. Zikaota! Kutokana na nyanya hiyo zikapatikana aina zinazochomoka bila kikonyo, zinazofaa mashine za kuvuna kwa sababu hazitoboani. Swichi iliyohusika ni ya familia ya MADS. Ndugu yake RIN anaamuru tunda liive: nakala zake zote zikiwa na kasoro, nyanya haiwi nyekundu; ikiwa ni nakala moja tu, inaiva polepole na kustahimili safari ndefu.

Ukali wa pilipili mbuzi ni swichi iliyozidisha bidii

Mwaka 2019 watafiti walionyesha kuwa pilipili kali kupindukia za spishi Capsicum chinense, yenye pilipili mbuzi, zina mabadiliko yanayoifanya swichi MYB31 iwake kwa nguvu isiyo ya kawaida, na kapsaisini, kemikali ya ukali, ikafurika. Swichi nyingine za familia hiyo ya MYB ndizo zinazoipa biringanya zambarau yake. Sisi tukila pilipili kali tunatokwa machozi. Ndege wanazila bila kuhisi ukali wowote, na ndio wanaosambaza mbegu.