Gari lililoficha ajali: Libaki au lirudi kwa muuzaji?

KWA mchuuzi wa mboga wa Lukozi, wilayani Lushoto, gari si la kutembelea. Ndilo linalotoa kabichi, karoti na viazi kwenye vijiji vya milimani na kuvifikisha barabara kuu, ambako malori ya Dar es Salaam hayamsubiri mtu.

Ndiyo maana siku fundi anapomwambia kuwa gari alilolinunua majuzi liliwahi kupata ajali kubwa, na kwamba muuzaji alilificha jambo hilo kwa rangi, habari hiyo humkata maini.

Tuchukue mfano wa mchuuzi aliyenunua pikapu iliyotumika kwa Sh milioni 9. Milioni 4 ni akiba ya misimu kadhaa, milioni 5 ni mkopo wa SACCOS. Dalali alimhakikishia, "Gari safi, bosi, halijaguswa."

Wiki ya tatu anaona tairi la mbele la kushoto limelika upande mmoja. Anapiga alaimenti, usukani unatulia siku chache, kisha gari linarudia kuvuta kushoto. Fundi analala chini ya gari na kutoka na jibu: chasisi imewahi kupinda, ikanyooshwa, ikachomelewa na kupakwa rangi nyeusi.

Marejesho ya mkopo yameanza, msimu wa kabichi umefika, na dereva wa gari hilo ni mdogo wake wa kuzaliwa. Afanye nini?

Barabara isiyosamehe

Swali hilo lina uzito wa pekee katika milima ya Usambara kuliko mahali pa tambarare.

Kutoka mji wa Lushoto, ulio kwenye mwinuko wa meta 1,400 hivi, hadi Mombo kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Moshi, gari hushuka karibu meta 1,000 katika mwendo wa kilometa zipatazo 33. Baada ya Soni barabara ni nyembamba, kona zinafuatana, upande mmoja ni mwamba na mwingine ni bonde.

Katika mteremko mrefu kama huo breki hupata moto. Dereva mzoefu huteremka kwa gia ndogo ili injini isaidie kulizuia gari. Lakini gia ndogo haiwezi kunyoosha chasisi iliyopinda.

Gari ambalo magurudumu yake hayafuatani sawasawa huvuta upande mmoja, na hasa dereva anapokanyaga breki. Barabarani Korogwe, kosa hilo hulitoa gari kidogo kwenye mstari wake. Kwenye kona za Soni wakati wa mvua, likiwa na magunia ya viazi mgongoni, nafasi ya kusahihisha kosa haipo.

Aidha, sehemu ya chasisi iliyochomelewa ovyo inaweza kukaa miezi bila kuonyesha kitu, kisha ikapasuka kidogo kidogo kwa sababu ya mzigo na mashimo. Barabara za vumbi za kutoka vijijini zina vyote viwili.

Kwanza, kijulikane kilichogongwa

Hata hivyo, si kila gari lililopata ajali ni bovu. Gari lililogongwa mlango, bampa au boneti, likabadilishiwa vipande hivyo, linaweza kufanya kazi miaka mingi bila tatizo. Hasara yake ni ya bei tu.

Kinachotakiwa kuchunguzwa ni kama ajali ilifika kwenye mifupa ya gari: chasisi, nguzo za mlango, sehemu zinaposhikiliwa usukani, springi na shokapu.

Uchunguzi wa awali hauhitaji mashine. Nafasi kati ya boneti na madiga ya pembeni ziwe sawa kushoto na kulia. Boliti za boneti na milango zisiwe na mikwaruzo ya spana wala rangi iliyobanduka. Rangi isiwe imerukia kwenye raba za vioo.

Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa husaidia pia. Ikipitishwa kwenye bodi ya chuma, hulegea mahali palipojazwa puti nene. Vioo vya gari moja kwa kawaida huwa na nembo na alama za kiwanda zinazofanana. Kimoja kikiwa tofauti, kilibadilishwa, na mmiliki aulizwe kwa nini.

Swichi inapofunguliwa, taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi inapaswa kuwaka kisha kuzimika. Isipowaka kabisa, huenda mfuko ulishafumuka na waya umekatwa ili mnunuzi asijue. Mkanda wa usalama uliokwama ni dalili nyingine.

Kipimo kinachosema zaidi ni cha futikamba. Gari likiwa mahali tambarare na usukani umenyooka, hupimwa umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto na wa kulia. Kwa magari mengi vipimo hivyo hulingana. Vikipishana kwa kiasi kinachoonekana, fundi apime pia chasisi kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe.

Mmiliki afanye kazi hiyo kwa fundi ambaye hakuhusika na mauzo, na aombe maelezo kwa maandishi. Maneno ya gereji hayana nguvu mbele ya muuzaji mkaidi. Karatasi iliyosainiwa inayo.

Karatasi ya mnada

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini hutoka Japani, ambako huuzwa kwanza kwenye minada ya wafanyabiashara. Kila gari hukaguliwa na kupewa karatasi ya mnada yenye daraja.

Namba kama 4.5, 4 au 3.5 hueleza hali ya jumla ya gari. Herufi R au RA huashiria gari lililotengenezwa baada ya ajali. Mchoro wa gari ulio kwenye karatasi hiyo huwa na alama nyingine: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipotengenezwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa.

Gari la R si lazima likataliwe. Wapo wanaolinunua kwa makusudi kwa sababu bei yake ni ya chini. Tatizo huanza pale gari la R linaponunuliwa kwa bei ya R na kuuzwa hapa kwa bei ya gari safi.

Mnunuzi ana haki ya kuomba karatasi hiyo na kulinganisha namba ya chasisi iliyoandikwa humo na iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Muuzaji anayesema imepotea amekwishatoa nusu ya jibu.

Karatasi ya mnada haisemi lolote kuhusu ajali zilizotokea hapa nchini. Kampuni za bima huuza mabaki ya magari yaliyoharibika, na baadhi yake hufufuliwa na mafundi na kurudi barabarani. Hivyo gari lililokwisha kusajiliwa lichunguzwe kwa makini yaleyale, hata kama karatasi yake ya Japani ni safi.

Sheria ina siku zake

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa mtu aliyedanganywa nafasi ya kuuvunja mkataba. Lakini inaweka pia sharti: pale muuzaji aliponyamaza tu, mnunuzi anaweza kukosa haki hiyo ikiwa angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida.

Maana yake ni kwamba maneno yana uzito. Muuzaji aliyesema wazi kuwa gari halijagongwa yuko mahali pabaya zaidi kuliko aliyekaa kimya. Ujumbe wa simu wenye maneno hayo usifutwe.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inahesabu muda. Mnunuzi akikaa na bidhaa kwa muda unaotosha bila kumjulisha muuzaji kuwa anaikataa, huhesabiwa ameikubali. Akishaikubali, kurudisha gari kunakuwa kugumu, na kinachobaki ni kudai fidia ya hasara.

Hapa ndipo wachuuzi wengi wanapoumia. Mtu anagundua kasoro, anasema "ngoja nimalize msimu kwanza", anapakia kabichi miezi mitatu, kisha anakwenda kudai. Kila safari aliyofanya baada ya kujua ni hoja mkononi mwa muuzaji.

Hatua ni nne. Gari lisimame. Kasoro zipigwe picha na fundi aandike maelezo yake. Muuzaji aandikiwe barua, nakala ibaki, akiambiwa kasoro ni nini na mnunuzi anataka nini. Asipojibu, mnunuzi amwone wakili au msaidizi wa kisheria aliye karibu. Kwa muuzaji anayefanya biashara, ipo pia Tume ya Ushindani, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Hesabu ianzie leo

Kosa jingine ni kufanya uamuzi kwa kuangalia fedha iliyokwisha kutoka. "Nimeweka milioni 9, siwezi kuliacha" ni maneno ya uchungu, si ya hesabu. Marejesho ya SACCOS yataendelea, gari libaki au liondoke. Swali ni moja: kuanzia leo, ni njia ipi inayobakisha mtaji mkubwa zaidi bila kuhatarisha maisha?

Tuseme, kwa mfano, kuwa gari hilo likiuzwa bila kuficha kitu lina thamani ya Sh milioni 6.5. Muuzaji akikubali kulichukua na kurudisha fedha yote, na mnunuzi akatumia Sh 300,000 kwa nauli na ufuatiliaji, anabaki na milioni 8.7.

Akikubali kubaki nalo kwa kurudishiwa milioni 1.5, ana gari la milioni 6.5 na fedha hiyo mkononi, jumla milioni 8. Akiliuza kwa uwazi bila kurudishiwa kitu, ana milioni 6.5. Akilipeleka kunyooshwa kwa milioni 1.2, fedha hiyo inatoka leo, gari linalala gereji wiki mbili za msimu, na historia yake haifutiki.

Tofauti kati ya kurudisha na kukubali punguzo ni Sh 700,000 tu. Ndiyo maana muuzaji hukimbilia kutoa punguzo, na mnunuzi aliyechoka hulipokea.

Libaki lini, liondoke lini

Kama uchunguzi unaonyesha ajali iligusa bodi tu, vipimo vya magurudumu vinalingana na gari halivuti upande linapofungwa breki, kubaki nalo kwa punguzo ni uamuzi wa busara. Gari ambalo kasoro zake zinajulikana lina faida kuliko gari geni ambalo kasoro zake bado zimefichwa.

Kama ajali iligusa chasisi au mashikio ya usukani, punguzo si dawa. Punguzo hulifanya gari kuwa rahisi. Halilifanyi kuwa nyoofu.

Anayebaki na gari asisahau bima. Mkata bima anatakiwa kueleza mambo muhimu anayoyajua kuhusu chombo chake. Akiyaficha, kampuni inaweza kupata sababu ya kukataa madai siku ya janga, na hasara ya pili ikawa kubwa kuliko ya kwanza.

Kishawishi cha mwisho ni kupaka rangi tena na kumuuzia mwingine kwa maneno yaleyale ya dalali. Mbali na kumweka mmiliki mahali alipokuwa muuzaji wake mbele ya sheria, katika Usambara watu wanajuana kuanzia Mtae hadi Soni. Gari hilo litarudi kwa jina lake. Kama muuzaji wa kwanza amekataa kulipokea, ni heri kuliuza kwa bei ya ukweli, au kuuza injini, giaboksi na vipuri vingine kimoja kimoja.

Mchuuzi wa mfano wetu alipewa ofa ya milioni 1.5. Fundi alikuwa ameandika kuwa kuchomelewa kumefika karibu na mashikio ya usukani. Kwa mchuuzi wa namna hiyo kipo kipimo kimoja kisichohitaji futikamba: je, yuko tayari kumkabidhi mdogo wake ufunguo, gari likiwa na mzigo kamili, mvua inanyesha, na kumwambia ashuke Mombo?

Kama jibu ni hapana, basi gari hilo si la kazi hiyo, hata angelipewa bure. Barua kwa muuzaji iandikwe leo, na kabichi za wiki hii zishuke kwa gari la kukodi.