Simu ina macho, haina mikono

Mtoto wa miezi mitano anaamka asubuhi. Ghafla kichwa kinaanguka mbele, mikono inatanuka, magoti yanapanda tumboni. Sekunde moja au mbili, basi. Anatulia, analia kidogo, kisha inarudi. Inarudi tena na tena, mpaka anachoka. Bibi anasema ni mchango. Saa nne muuguzi wa zahanati anamkagua: hana homa, ananyonya vizuri, amelala mapajani kwa mama yake kama watoto wengine wote. Anaandikiwa dawa ya tumbo na kurudishwa nyumbani. Mwenye utaalamu hakuliona tukio, na walioliona hawakujua ni nini.

Ugonjwa huo una jina. Mwaka 1841 daktari Mwingereza, William James West, aliliandikia barua jarida la The Lancet kueleza mishtuko ya aina hiyo hiyo iliyokuwa ikimpata mwanawe mwenyewe, akiomba wenzake wamwambie kama wamewahi kuiona. Hadi leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake. West alikuwa na kalamu tu. Mama wa leo, awe Sumbawanga, Kwale au Uvira, mara nyingi ana simu yenye kamera, na video ya dakika moja iliyopigwa mtoto akiwa anaamka inamweleza daktari bingwa mambo ambayo barua ya West ilihitaji kurasa nzima kuyasema. Nayo haraka hapa ni ya kweli. Aina hii ya kifafa hutibiwa kwa dawa za jamii ya steroidi au kwa vigabatrin, na kila wiki inayopita bila tiba ni wiki ambayo mtoto anaweza kupoteza alichokwisha kujifunza: kutabasamu, kufuata sura kwa macho, kushika kidole.

Nimeanza na mtoto huyu kwa sababu wazazi wengi wenye watoto wa kifafa, mtindio wa ubongo au vichwa vikubwa wanasukumwa huku na huku. Mmoja anawaambia matibabu ya kwenye simu ni ya kubahatisha. Mwingine anawaambia kusafiri ni kupoteza nauli, mtandao upo. Kwa maoni yangu wote wawili wanalijibu swali kabla ya kuliuliza. Kwanza tujue daktari anahitaji kupata nini kwa mtoto huyu, wiki hii. Akihitaji kuona, simu inatosha, na mara nyingine inapita kliniki. Akihitaji kugusa, hakuna kamera itakayomsaidia.

Upande wa kuona ni mpana kuliko wengi wanavyodhani. Kifafa ni ugonjwa wa matukio, na tukio halina adabu ya kusubiri siku ya miadi. Mtoto anayeduwaa kwa sekunde kumi katikati ya sentensi, kisha akaendelea kama hakuna kilichotokea, atafika kwa daktari akiwa mchangamfu kabisa. Mtoto anayelia mpaka anakata pumzi na kulegea si lazima awe na kifafa, lakini masimulizi yake yanafanana na ya kifafa, na watoto wa aina hiyo huandikiwa dawa wasizozihitaji. Video ndiyo inayotenganisha. Ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa mzazi ni huu: mlaze mtoto ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, mtoe karibu na moto au maji, kisha mtu wa pili ashike simu. Aondoe blanketi, awashe taa au kufungua dirisha, achukue mwili mzima na uso, ataje saa kwa sauti, amwite mtoto kwa jina ili ionekane kama anasikia. Asizime kamera mshtuko unapokoma. Zile dakika za baadaye, mkono gani umelegea, macho yanaangalia wapi, zina habari nyingi mno.

Kuna kipimo kimoja ambacho tangu mwanzo kimejengwa juu ya video. Heinz Prechtl, daktari mzaliwa wa Austria, alitumia miaka mingi kutazama jinsi watoto wachanga wanavyojisogeza wenyewe, bila kuchezewa. Aligundua kwamba mtoto mwenye umri wa takribani miezi mitatu hadi mitano huwa na vijimsogeo vidogo vidogo, vya shingo, kiuno, viwiko na vifundo, vinavyoendelea muda wote akiwa macho na ametulia. Mwaka 1997 yeye na wenzake walionyesha katika The Lancet kwamba vijimsogeo hivyo visipokuwepo, hatari ya mtoto kuja kupata mtindio wa ubongo ni kubwa sana. Mtoto analazwa chali, mikono na miguu wazi, bila chuchu bandia mdomoni, anapigwa video ya dakika chache, na mtaalamu aliyefundishwa anaitazama popote alipo. Fikiria maana yake kwa mtoto aliyezaliwa njiti au aliyechelewa kulia, ambaye kwa kawaida familia huambiwa isubiri mpaka ashindwe kukaa. Mazoezi yanaweza kuanza miezi mingi kabla.

Sasa mikono. Daktari anayemshika mtoto kwenye makwapa na kumning'iniza kidogo anapata jibu ambalo kioo hakitoi: mtoto anateleza kama nguo iliyolowa, au miguu inakakamaa na kupishana. Anapapasa utosi kujua kama umejaa. Anapiga goti kwa kinyundo. Anachungulia nyuma ya jicho kuona kama shinikizo la kichwani limepanda. Anamvua mtoto nguo zote atafute mabaka meupe ya ngozi, maana kuna kifafa ambacho chanzo chake kimeandikwa kwenye ngozi na mara nyingine kinahitaji taa maalumu kuonekana. Anakunjua nyonga za mtoto mwenye mtindio kabla hazijateguka kimyakimya. Na EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, inafanyika pale tu ilipo mashine.

Kichwa kikubwa ni mfano wangu wa pili. Mtoto mchanga huzaliwa na mzunguko wa kichwa wa takribani sentimita 35, na katika miezi mitatu ya mwanzo kichwa huongezeka kama sentimita mbili kwa mwezi. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto anaweza kupima kwa futi kamba. Kikienda mbio kuliko hapo, utosi ukavimba, macho yakaelekea chini mpaka weupe ukaonekana juu ya mboni, safari ya kwenda kwa mpasuaji haina mjadala: Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili kwa wa Tanzania, au kwa wa Uganda hospitali ya CURE ya Mbale, ambako daktari Benjamin Warf aliunganisha njia mbili za upasuaji ili watoto wengi waepuke kuishi na mpira wa kutoa maji kichwani. Kumwambia mama wa mtoto huyu atume picha kila wiki ni kumchelewesha. Na aliyekwisha kuwekewa mpira, akianza kutapika, kusinzia ovyo au kulia kwa kichwa, asisubiri kujibiwa ujumbe.

Vivyo hivyo mguu au mkono uliolegea ghafla. Kwa mtoto wa chini ya miaka 15 hili ni jambo la kuripotiwa serikalini kwa ajili ya ufuatiliaji wa polio: huchukuliwa sampuli mbili za choo, zikipishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze. Huenda si polio. Huenda ni neva zilizoshambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, ugonjwa unaoweza kupanda mpaka kwenye pumzi, au ni sindano ya takoni iliyogusa neva kuu ya mguu. Yote hayo yanataka mikono na macho ya karibu, siku hiyo. Degedege au kifafa kinachopita dakika tano, au kinachorudi kabla mtoto hajazinduka, nacho ni cha kukimbilia hospitali. Homa yenye shingo ngumu pia.

Je, upande wa simu umewahi kupimwa? Corona ilipofunga kliniki mwaka 2020, madaktari wa neva za watoto katika hospitali ya watoto ya Philadelphia walichambua mahudhurio 2,589 ya mbali. Katika yale yaliyotolewa maoni, madaktari waliridhika na asilimia 93, na waliona mtoto alihitaji kuonwa ana kwa ana katika asilimia 5 tu. Takwimu hizi zinatia moyo, ila tusizihamishe kama zilivyo. Mzazi wa Philadelphia hahesabu bando wakati daktari anauliza swali, na daktari akisema njoo, hospitali haipo mbali kwa safari ya basi ya usiku.

Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, mahali pa kulala, shamba au meza ya sokoni iliyoachwa, watoto wengine waliokabidhiwa kwa shangazi. Halafu kliniki yenyewe, mara nyingi, ni dakika chache: mishtuko imepungua? dawa ni ile ile, rudi baada ya miezi mitatu. Mtoto aliyekwisha kuonwa vizuri mara ya kwanza hapaswi kuvuka nchi kwa ajili ya mazungumzo hayo. Linaniuma kila ninapoliona, kwa sababu familia zikichoka haziandiki barua ya kuaga. Zinaacha tu kuja, na dawa inakatika.

Mahali pazuri pa kukutania, kwa maoni yangu, ni hospitali ya wilaya. Tabibu au muuguzi wa pale ana mikono, bingwa wa hospitali kubwa kama Muhimbili au Bugando ana ujuzi, na simu iko mezani kati yao. Tabibu ampime mtoto uzito, maana dozi ya dawa za kifafa hufuata kilo na mtoto aliyenenepa anaweza kuwa anameza dozi ya mwaka jana. Apime kichwa. Amvute mtoto akae, bingwa akiangalia shingo inafuata au inabaki nyuma. Kwa mtoto anayeduwaa, ampe kipande cha karatasi akipulize mfululizo kwa dakika tatu. Kama ni kifafa cha kuduwaa, mara nyingi kitajitokeza papo hapo mbele ya kamera. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa dawa iliyozoeleka kama kabamazepini inaweza kukizidisha kifafa cha aina hiyo.

Video ya mtoto akiwa uchi au akitetemeka ipelekwe kwa mtaalamu anayemtibu tu, isiingie kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na mzazi ana haki ya kuuliza hospitali video inahifadhiwa wapi.

Linabaki suala la dawa, ambalo ndilo linaloamua kama mpango wote una maana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall aliwatibu watu wenye kifafa waliokuwa wametengwa na jamaa zao, akitumia hasa fenobabitoni, kidonge cha bei nafuu ambacho bado kinawasaidia watoto wengi. Kidonge hicho kiko chini ya udhibiti wa kimataifa, kinahitaji cheti, na kukikatisha ghafla kunaweza kuleta mishtuko isiyokoma. Bingwa akibadili dozi kwa video huku duka la dawa la wilaya halina akiba, mama atapanda basi vile vile. Kwa hiyo mfamasia wa wilaya naye aingizwe kwenye mazungumzo hayo siku hiyo hiyo, aandike mtoto huyu anahitaji vidonge vingapi mpaka kliniki ijayo, na aviagize kabla simu haijakatwa.