Betri ya kuchaji huchaguliwa kwa kazi, si kwa namba

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme pale Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, betri za kuchaji za AA, zile ndogo zinazoingia kwenye rimoti, hushindana kwa namba. Moja imeandikwa 2000 mAh, ya pili 2700, ya tatu 4800, na si ajabu hiyo ya tatu ikawa ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Namba hiyo hueleza betri inabeba chaji kiasi gani, kwa hiyo mnunuzi anayeifuata si mjinga. Tatizo ni kwamba ameanzia pasipofaa. Swali la kwanza linahusu kifaa chenyewe: kinakula umeme kwa kasi gani, na betri zake hubadilishwa kila baada ya muda gani?

Tufanye hesabu. Tuseme betri nne za kuchaji pamoja na chaja yake zinagharimu sawa na betri kavu 60. Redio inayotumia betri nne na kuzimaliza kila baada ya wiki mbili itakuwa imerudisha fedha hizo ndani ya wiki 30. Kuanzia hapo kinachobaki ni umeme wa kuchajia, nao ni kidogo mno: betri ya 2000 mAh yenye volti 1.2 hubeba wati-saa 2.4, hivyo hata chaja ikipoteza nusu ya umeme inaouvuta, uniti moja huchaji betri kama 200. Sasa iweke saa ya ukutani katika hesabu hiyohiyo. Betri moja huiendesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo ingehitaji miaka 60 kufidia gharama. Saa na rimoti ziachiwe betri za kawaida, ikiwezekana za alkalaini. Katika betri kavu za bei ya chini gamba lenyewe ni zinki, nayo huliwa kadiri betri inavyotumika. Likitoboka, maji yake huozesha vyuma vya ndani ya kifaa. Tochi, redio, maikrofoni zisizo na waya na midoli inayotembea ndivyo vifaa vinavyostahili betri za kuchaji.

Kifaa kikishajulikana, ndipo namba isomwe, tena kwa mashaka. Betri ya AA ya aina ya NiMH, ambayo ndiyo ya kawaida majumbani, haivuki sana 2800 mAh. Iliyoandikwa 4800 inadanganya. Udanganyifu ni mkubwa zaidi kwenye betri nene za tochi zinazoitwa 18650. Zilizo bora hufikia 3500 hivi, ilhali sokoni zipo zenye maandishi ya 9900. Mizani huziumbua: betri halisi ya aina hiyo huwa na gramu 45 au zaidi, na nyingi za bandia ni nyepesi kwa dhahiri. Hata namba ya kweli inaweza kukupotosha. AA za 2700 kwa kawaida hupoteza chaji haraka zikikaa bila kutumika. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilitoa Eneloop, betri ya karibu 2000 mAh inayobaki na sehemu kubwa ya chaji yake hata baada ya mwaka mzima kabatini. Betri za namna hiyo sasa hutengenezwa na kampuni nyingi, na dalili yake ni kwamba huuzwa zikiwa zimeshachajiwa. Kwa tochi inayosubiri umeme ukatike, 2000 inayodumu ni bora kuliko 2700 inayoyeyuka.

Wapo wanaopinga kwamba volti 1.2 ni pungufu, kwa kuwa betri kavu ina 1.5. Hoja hiyo ni kweli siku ya kwanza tu. Volti za betri kavu huanza kushuka mara inapoanza kazi, na hata ya alkalaini hufika 1.2 ikiwa katikati ya uhai wake. Ndiyo sababu tochi hufifia siku hadi siku mpaka watu wanaanika betri juani kuzifufua. NiMH hukaa karibu na 1.2 hadi inapokaribia kwisha, na vifaa vingi vimeundwa kuvumilia hadi volti 1 hivi. Wanaotaka 1.5 kamili wanazo betri za lithiamu zinazochajiwa kwa waya wa USB. Ila hizo huzima ghafla bila kuonya, na saketi yake ya ndani inaweza kuleta mkwaruzo kwenye redio ya masafa ya kati au mafupi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba betri za kuchaji hufa mapema. Nyingi hufa kweli, lakini muuaji mara nyingi ni chaja. Chaja duni huchaji betri mbilimbili na haijui wakati wa kukoma, hivyo iliyojaa kwanza huendelea kuchemka ikimngoja mwenzake. Chaja inayopima kila betri peke yake na kukata umeme zikijaa ni ghali zaidi, na hapo ndipo pa kuweka fedha hata kama itabidi kununua betri nne badala ya nane.

Hesabu hii haiishii mfukoni. Mwaka 2017 watafiti Gunther Bensch, Jörg Peters na Maximiliane Sievert walichapisha utafiti kuhusu mwanga vijijini Afrika, wakaonyesha kwamba betri kavu zilizokwisha hutupwa chooni au ovyo nje. Kila redio inayohamia kwenye betri za kuchaji hupunguza mzigo huo kwa betri nyingi kila mwaka. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, kagua nyumba: kifaa kinachomaliza betri kila mwezi kinunulie za kuchaji na chaja ya maana, kinachokaa nazo mwaka mzima kiache kama kilivyo.