Tumbako na Homa ya Mafua

Ndani ya njia ya pumzi ya mtu, toka puani hata mapafuni, umo ute unaonata, na chini ya ute huo zimo nywele ndogo mno zisizoonekana kwa macho matupu. Nywele hizo hazitulii. Hupiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde moja, zote upande mmoja, kama mtama shambani upepo uvumapo, nazo huusukuma ute kwenda kooni pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa. Hapo mtu humeza au hutema, wala hana habari ya kazi iliyofanyika. Hizo ndizo fagio za mwili.

Moshi wa tumbako huzilevya fagio hizo. Kwanza huzipunguzia mwendo. Kisha, mtu akivuta siku kwa siku, nyingi hukatika na kufa. Ute nao huzidi, ukakaa pale pale kama taka katika mfereji ulioziba. Kile kikohozi cha mvutaji kila asubuhi ni kazi ya ufagio, ila sasa yafanywa kwa nguvu ya kifua. Basi virusi vya homa ya mafua vikiingia, havimkuti bawabu mlangoni.

Jambo hili limepimwa kwa hesabu. Mwaka 1982 zilitolewa habari za kikosi kimoja cha askari katika nchi ya Israeli. Walikuwa vijana 336 wenye afya njema, na nusu yao, yaani 168, walivuta sigara. Homa ya mafua ilipowaingilia, wavutaji waliougua walikuwa zaidi ya 68 katika kila 100. Wasiovuta walikuwa 47. Tena, walioshindwa kazi au kulazwa kitandani walikuwa 50 katika kila 100 ya wavutaji, na 30 tu katika kila 100 ya wenzao. Wala hao hawakuwa wazee waliochakaa kwa kuvuta miaka 40.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, zilivuma habari kwamba wavutaji walikuwa wachache hospitalini, na wapenda tumbako wakafurahi upesi mno. Lakini katika msongamano ule madaftari mengi hayakuandikwa sawasawa, na mgonjwa asiyeweza kusema hawezi kujibu kama alivuta. Mwezi wa Mei mwaka ule ule Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba wavutaji huelekea zaidi kuzidiwa na ugonjwa huo kuliko wasiovuta.

Hata mtoto asiyeshika sigara hudhurika, kwa kuwa moshi wa baba humfikia palepale alalapo. Watoto wa nyumba za namna hiyo huugua kifua mara nyingi zaidi.

Mvutaji akiacha, fagio hurudia kazi yake baada ya majuma na miezi. Wengine hushangaa kuona wanakohoa zaidi siku za kwanza, wakadhani kuacha kumewadhuru, kumbe ni zile taka za zamani zinazotolewa nje.