Koti la Farasi Livuliwe Kiasi Gani?

Mwezi Desemba, mashambani Uingereza, jua huzama karibu na saa kumi jioni. Farasi aliyetoka mazoezini akisimamishwa uani, mwili mzima humfuka kama sufuria iliyofunuliwa jikoni. Ule si moshi, ni jasho linalogeuka mvuke. Manyoya yake marefu yamelowa hadi kwenye ngozi, yameshikana vishungi vishungi, na huenda yasikauke kwa saa kadhaa. Usiku unaingia, baridi inazidi, na mnyama wa kilo 500 anaingizwa bandani akiwa amelowa chapachapa. Ndiyo maana wanaotunza farasi katika nchi za baridi hufanya jambo ambalo mtu wa Mombasa au Dar es Salaam angeliona ukatili: majira ya baridi yakikaribia, wanawanyoa farasi wao.

Kunyoa kwenyewe ni kazi ya saa chache. Kinachoumiza kichwa ni kuamua kiasi.

Tuanze na manyoya yanakotoka. Wengi hudhani farasi huota koti nene kwa kuwa amesikia baridi. La hasha, amri ya kwanza hutoka kwenye mwanga. Jicho hupima urefu wa mchana, na gizani tezi ya pineali ndani ya ubongo hutoa homoni ya melatonini. Usiku ukirefuka, melatonini hukaa mwilini kwa muda mrefu zaidi, homoni nyingine iitwayo prolaktini hupungua, na ngozi huanza kuandaa nywele ndefu. Mjini London mchana wa Juni huchukua zaidi ya saa 16, na ule wa Desemba haufiki saa 8. Kwa hiyo mara tu baada ya Juni 21, watu wakiwa bado wanatafuta kivuli, mwili wa farasi umeshaanza safari ya kuelekea baridi. Ikifika Oktoba, koti limekamilika. Wafugaji wa farasi wa mbio wanaijua siri hii vizuri: huwawashia majike taa bandani tangu Desemba ili mchana uonekane kuwa wa saa 16, wapate joto la kupandwa mapema, na majike hao hupukutisha manyoya mapema vilevile. Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kuliko yote haifiki hata saa moja. Huku kwetu ishara hiyo ni hafifu mno.

Koti lenyewe ni la ajabu. Kila unywele una msuli mdogo kwenye shina lake. Baridi ikipiga, misuli hiyo hukaza, nywele husimama, na hewa hunaswa katikati yake. Hewa iliyotulia ndiyo blanketi lenyewe. Theluji inaweza kulala mgongoni mwa farasi bila kuyeyuka, kwa kuwa joto la mwili halifiki juu. Mafuta ya ngozi hufanya mvua ya kawaida iteleze na kuishia kwenye ncha za nywele. Ongeza tumbo lake: nyasi kavu zinapochachushwa na vijidudu ndani ya utumbo mpana, huzaa joto mchana na usiku. Farasi mwenye manyoya mafupi, aliyezoea hali ya hewa ya wastani, huanza kuchoma nishati ya ziada ili ajipashe moto hewa inaposhuka chini ya nyuzi 5 hivi za Selsiasi. Mwenzake aliyezoea baridi, mwenye koti kamili na nyasi za kutosha, anaweza kustahimili hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Mtu anaposhika mashine ya kunyolea, ajue kwamba sehemu ya pengo hilo la nyuzi 20 imo mikononi mwake.

Kwa nini basi auguse ulinzi wa namna hiyo? Kwa sababu ya kazi. Misuli inapofanya kazi, karibu sehemu 4 kati ya 5 za nishati inayotumika hugeuka joto, na joto hilo lazima litoke. Farasi hulitoa kwa jasho, na katika kazi ngumu anaweza kupoteza lita 10 kwa saa au zaidi, pamoja na chumvi nyingi ya mwili. Jasho lake lina protini iitwayo latherini, inayofanya kazi kama sabuni: hulifanya lienee juu ya nywele zenye mafuta badala ya kuganda matone matone. Ndilo lile povu jeupe shingoni na mapajani. Kwenye nywele fupi mpango huu ni mzuri sana. Kwenye koti la baridi jasho hunaswa chini kabisa, karibu na ngozi, halikauki, na ile hewa iliyokuwa blanketi hugeuka maji. Watafiti wa Sweden waliwapima farasi wa mbio za mikokoteni kabla na baada ya kunyolewa, na mwaka 2002 wakaonyesha kwamba waliponyolewa waliupoza mwili kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo kipimo ni kazi anayofanya farasi, wala si mtindo wa zizi la jirani. Farasi mzee anayetembezwa polepole mwisho wa juma aachwe na koti lake lote. Anayefanya kazi nyepesi hunyolewa koo, kifua na tumbo tu, mahali jasho linapoanzia. Akizidishiwa kazi kidogo, mstari hupandishwa ubavuni. Mkato huo hufuata njia ya zile kamba ambazo farasi wa zamani walivutia magari. Mkato mwingine huondoa manyoya ya shingo na mbavu, ukaacha umbo la blanketi mgongoni na kiunoni. Mkato wa wawindaji ni mkubwa zaidi ya hiyo: mwili wote hunyolewa, ila miguu na alama ya tandiko mgongoni huachwa. Napenda akili iliyomo humo. Chini ya goti farasi ana mifupa na kano, hana misuli ya kuzalisha joto. Hakuna faida ya kupoza, na nywele zile humkinga na miiba na matope. Alama ya tandiko nayo huizuia ngozi isichubuke.

Nimeona farasi wengi walionyolewa kupita kazi yao, na inanisikitisha, kwa sababu aghalabu walinyolewa ili wapendeze au wasafishike haraka. Ushauri wangu ni kuanza na kidogo. Wiki ijayo unaweza kupandisha mstari kwa upana wa viganja viwili. Usiku wa leo huwezi kurudisha hata unywele mmoja. Ulichonyoa lazima ukifidie kwa blanketi, na blanketi halisimami wala halilali kama nywele. Jua likitoka saa sita mchana, farasi hawezi kulivua.

Angepewa nafasi, angesema. Mwaka 2016 watafiti wa Norwei walieleza jinsi walivyowafundisha farasi 23 kugusa kibao kwa pua: chenye mstari wa mlalo, nivike blanketi, chenye mstari wa wima, nivue, kitupu, niache nilivyo. Wote 23 walijifunza ndani ya siku 14. Siku za mvua na baridi wengi waliomba blanketi, siku za jua wakaomba kuvuliwa. Farasi wengi hawana kibao hicho, kwa hiyo mtunzaji hupitisha kiganja chini ya blanketi, nyuma ya bega, kila asubuhi na jioni. Pakiwa na unyevunyevu, amezidishiwa.

Kuna nywele zisizoguswa kamwe, nazo ni zile ndefu za mdomoni na machoni. Hizo ni viungo vya kuhisia, na tangu Julai 1, 2021 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, limepiga marufuku kuzikata kwa farasi wa mashindano. Na kuna farasi anayehitaji kunyolewa hata kiangazi: mzee mwenye maradhi ya tezi ya pituitari, ambaye manyoya yake hayapukutiki tena. Huyo aonwe pia na daktari wa mifugo.

Mkato wa kwanza hufanywa Oktoba, farasi akiwa safi na mkavu, mistari ikiwa imechorwa kwa chaki pande zote mbili. Nywele hurudi polepole, na wengi hurudia karibu na Krismasi. Baada ya Desemba 21 mchana huanza kurefuka kwa dakika chache chache. Januari ikiisha, barafu ikiwa bado kwenye ndoo za maji, brashi huanza kutoka na manyoya: chini yake nywele fupi za kiangazi zinachipua. Hapo mashine hupakwa mafuta na kufungiwa kabatini, ncha hizo changa zisikatwe.