Kabla ya Kushusha Giaboksi ya Noah

Kwenye gereji za Kilosa na Mikumi hakuna hukumu inayotoka haraka kama hii: giaboksi imekufa. Noah imeletwa na mwenyewe kutoka vijiji vya Masanze. Ikiwekwa D inajikokota, injini inanguruma, mwendo hauji. Fundi anaizungusha mara moja mbele ya gereji, anashuka, anataja bei ya giaboksi ya mtumba pamoja na nauli ya kuifuata Dar es Salaam. Kwa mtu ambaye gari hilo ndilo linalolipa ada za watoto na mbolea ya shamba, bei hiyo ni mavuno ya msimu mzima. Nami nasema kwa uhakika wa kazi yangu ya umeme wa magari: giaboksi nyingi zinazoshushwa kwa dalili hizo hazina ugonjwa ndani. Ugonjwa uko kwenye umeme unaoziongoza, na umeme hupimwa kabla ya kulegeza bolti hata moja.

Mazingira yenyewe yanatueleza kwa nini. Masanze ni kata ya wilaya ya Kilosa, upande wa jimbo la Mikumi, na gari linaloihudumia huonja barabara za kila aina. Likishika barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa linapita kwenye lami inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Likiacha lami ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na mito ya Kilosa tunaijua: mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaling'oa hata njia ya reli ya kati. Maji ya magotini yanatosha kufika ubavuni mwa giaboksi, ambako swichi ya gia na soketi za nyaya zimekaa wazi. Maji yenye tope yakiingia kwenye soketi, pini huota kutu ya kijani, na mkondo mdogo wa umeme unaoongoza gia hukatika au hupotelea kwenye bodi. Mtikisiko nao haukai bure. Waya unaosugua chasisi safari baada ya safari mwishowe huchunika ganda.

Giaboksi ya otomatiki ya miaka ya 1990 ni mashine ya oili inayopokea amri kwa umeme. Ndani yake mna kluchi na bendi zinazokazwa kwa presha ya oili. Oili huelekezwa na vali, na vali huamriwa na solenoidi, yaani koili ya waya wa shaba inayovuta kijiti cha chuma ikipata volti 12. Anayetoa amri ni kontroli boksi. Husoma pedali ya mafuta imekanyagwa kiasi gani na gari linakwenda kasi gani, kila jambo kwa sensa yake, kisha huangalia joto la injini, mkono wa gia ulipo, na kama breki imekanyagwa. Ikikosa moja ya taarifa hizo, hubahatisha au hugoma.

Sasa tufike kwenye kiini. Katika Toyota nyingi za kipindi hicho zenye gia nne, solenoidi mbili zinatosha kupanga gia zote. Kwa gia ya kwanza, solenoidi namba 1 huwashwa na namba 2 huzimwa. Kwa gia ya pili huwashwa zote mbili. Kwa ya tatu, namba 1 huzimwa na namba 2 hubaki imewashwa. Kwa gia ya nne zote mbili huzimwa. Msomaji asimame hapo kwenye gia ya nne. Umeme ukikatika kabisa, solenoidi zote zimelala, na gari lililowekwa D halina gia nyingine ila ya nne. Linalazimika kuondoka kwa gia ya kukimbilia, na hiyo ndiyo maana linajikokota huku injini ikilalamika. Halijafa, limekosa amri. Wahandisi walipanga hivyo kwa makusudi, ili umeme ukileta shida njiani dereva aweze kufika nyumbani.

Mpango huohuo unampa fundi kipimo kisicho na gharama. Zima gari, chomoa soketi ya nyaya za solenoidi kwenye giaboksi, kisha liendeshe taratibu kwenye barabara tupu na tambarare. Ukiweka L unapaswa kupata gia ya kwanza. Ukiweka 2 unapata gia ya tatu. Ukiweka D unapata ya nne. Anza na L gari likiwa limesimama na upande kidogo kidogo. Usirudishe mkono kwenye L ukiwa na mwendo mkubwa. Gari likikupa gia hizo tatu bila kuslipu, kluchi, pampu na vali kuu ni nzima, na hakuna sababu ya kushusha kitu. Shughuli imebaki kwenye nyaya, solenoidi, sensa au kontroli boksi. Likikataa kwenda hata soketi ikiwa imechomolewa, hapo mazungumzo ya kufungua giaboksi yana msingi. Toyota wenyewe wameandika kipimo hiki kwenye vitabu vyao vya mafundi, na bado ni nadra kukiona kikifanywa gereji.

Lazima niweke mpaka. Noah za kizazi cha kwanza, za 1996 hadi 2001, zenye injini chini ya viti vya mbele na msukumo wa magurudumu ya nyuma, hazifanani na zile zilizotoka kuanzia Novemba 2001 zenye msukumo wa mbele. Hizi za baadaye zina solenoidi zaidi na mpangilio mwingine, na baadhi hazina gia za hatua kabisa, zinatumia mkanda wa chuma. Tena ziko giaboksi za zamani zinazoongozwa na presha ya oili na kebo ya pedali, ambazo umeme wake unahusika na gia ya nne pekee. Kwa hiyo fundi atazame kwanza ni giaboksi gani iliyo mbele yake, asome namba yake kwenye kibati cha gari, ndipo atumie jedwali linaloihusu.

Dalili nazo husema mapema, ukimpa dereva nafasi ya kueleza. Kluchi iliyoungua haina siku nzuri na siku mbaya. Huanza kuslipu polepole, huzidi wiki baada ya wiki, na oili yake huwa nyeusi yenye harufu ya kuungua. Tatizo la umeme huja ghafla, huondoka ukizima na kuwasha gari, hurudi mvua ikinyesha au injini ikipata moto, na oili hubaki nyekundu na safi. Spidomita ikilala siku ileile gia zilipoanza kuchanganyikiwa, sensa ya mwendo au waya wake ndiyo ya kwanza kushukiwa. Taa za kurudi nyuma zikizimika, au gari likikataa kuwaka kwenye P na kukubali kwenye N, itazame swichi ya mkono wa gia pale ubavuni mwa giaboksi, ambapo maji ya mtoni hufika mapema.

Oili ipimwe vizuri. Kwenye giaboksi hizi hupimwa injini ikiwa inawaka na ina moto, baada ya kupitisha mkono kwenye gia zote na kurudi P, gari likiwa sehemu tambarare. Ikipimwa injini ikiwa imezimwa inadanganya. Kisha betri: ikipumzika isome karibu volti 12.6, na injini ikiwaka isome kati ya 13.5 na 14.5. Halafu ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari, ambayo hudharauliwa mno. Washa injini, taa na feni, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha giaboksi. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, ethi ina kutu au imelegea, na kontroli boksi inafanya kazi kwa vipimo vya uongo. Hapa nawaomba pia wanaotengeneza keria na bampa: kabla ya kuchomelea chuma chochote kwenye gari, chomoeni vichwa vya betri. Mkondo wa mashine ya kuchomelea unaweza kuua kontroli boksi iliyokuwa nzima asubuhi.

Baada ya hapo, lisikilize gari lenyewe. Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi (O/D ni ile gia ya nne) ikiwa inawaka na kuzima bila kuguswa, kontroli boksi imeona hitilafu na imeihifadhi. Toyota za wakati ule zina kiboksi cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS, na ndani ya kifuniko yameandikwa majina ya matundu. Swichi ya kuwashia ikiwa ON bila kuwasha injini, na kitufe cha O/D kikiwa mahali ambapo taa yake imezimika, unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha hesabu mimuliko. Sita, kituo kifupi, halafu miwili, ni 62: solenoidi namba 1 au waya wake. 63 ni namba 2. 64 ni solenoidi ya kufunga konveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi. 42 na 61 zinahusu sensa za mwendo. Taa ikimulika mfululizo kwa kasi bila kituo, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Zingatieni maneno "au waya wake". Namba inaonyesha mtaa tu, nyumba anaitafuta fundi kwa mita.

Juu ya mashine za kupimia za bei nafuu zinazounganishwa na simu, niseme wazi. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa kupimia kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea. Sheria hiyo haikuyahusu magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, na Noah zetu zimetoka huko. Nyingine zina hata soketi ya matundu 16 inayofanana kabisa, lakini haizungumzi lugha ya kifaa hicho. Kifaa kikiandika kwamba hakuna mawasiliano, haimaanishi kontroli boksi imeungua. Nimeona kontroli boksi nzima zikiondolewa kwa sababu hiyo tu, na inauma.

Mita ndiyo yenye neno la mwisho. Solenoidi ya gia kwenye Toyota hizi husoma kati ya omu 11 na 15 ikiwa baridi, kwenye nyuzi 20 hivi. Ikisoma karibu na sifuri, koili imepiga shoti. Isiposoma kabisa, imekatika. Ila shaba ikipata moto upinzani wake hupanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Solenoidi iliyosoma 13 asubuhi itasoma kama 16.5 oili ikifika nyuzi 90, na bado ni nzima. Fundi anayepima gari lililotoka safarini muda huohuo ataitupa bure. Vilevile pima mara mbili: kwanza kwenye soketi ya giaboksi, kisha kwenye nyaya kule zinakoingia kontroli boksi. Kule giaboksini ikisoma 13 na huku isisome, solenoidi haina kosa, waya umekatika katikati. Wakati mita imeshikwa, mwenzako autikise waya pole pole toka mwanzo hadi mwisho. Namba ikiruka, mmepata mahali.

Na mara nyingi mahali penyewe ni meno ya panya. Gari linalolala kando ya ghala la mahindi lina wageni usiku, na ganda la waya ni chakula chao. Waya uliokatwa haufungwi kwa kusokota na kuzungushia tepu, kwani masika ijayo maji yatapita humo humo. Uchomewe kwa risasi, uvalishwe mpira unaojibana kwa moto, kisha ufungwe mbali na ekzosi.

Liko jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalihusishi na giaboksi: thamostati. Gari likichemka, ni mazoea kuing'oa na kuitupa. Bila thamostati injini huchelewa kupata joto, na kontroli boksi za Toyota huzuia gia ya nne hadi maji ya injini yapate joto la kutosha. Dereva anaona gari limegoma kupanda gia ya nne, mafuta yanakwisha, anaambiwa solenoidi. Rudisheni thamostati kwanza. Na mkono ukikwama kwenye P, kanyaga breki na muombe mtu atazame taa za nyuma. Zisipowaka, fyuzi au swichi ya breki ndiyo iliyofunga mkono huo.

Namalizia kwa wenye magari, maana sehemu ya lawama ni yetu. Tumezoea kumlipa fundi kwa spea aliyofunga. Saa mbili alizokaa chini ya gari na mita tunaziona za bure. Basi naye hutafuta riziki palipo na malipo, kwenye kubadilisha. Mikumi kuna chuo cha VETA, na vijana wanaojifunza ufundi wa magari wako karibu yetu. Mlipe fundi kwa kupima, mkubaliane bei yake kabla hajaanza, mdai aandike kwenye karatasi omu na volti alizozisoma, kisha ndipo mzungumze habari ya giaboksi.