Sababu ya nguvu kumwishia mwendeshaji baiskeli ghafla katikati ya mashindano

KWA saa mbili mambo yote humwendea vyema. Miguu ni myepesi, pumzi imetulia na kundi la mbele liko karibu.

Kisha, bila ya onyo kubwa, mwendeshaji huyo huhisi kana kwamba kuna mtu aliyemfungia breki. Hubadilisha gia hadi ile nyepesi kabisa lakini pedali hazizunguki. Mikono humtetemeka, jasho baridi humtoka na waliokuwa nyuma yake huanza kumpita mmoja baada ya mwingine.

Wengi wanaoshiriki mashindano ya baiskeli kwa ridhaa wameyaonja masaibu haya angalau mara moja. Waendeshaji wa Ufaransa huyaita ‘fringale’, yaani njaa kali inayomvamia mtu ghafla.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi anayepatwa na hali hii hurudi nyumbani akijilaumu. Huamini kuwa hakufanya mazoezi ya kutosha au kwamba moyo wake ni dhaifu. Wapo hata wanaoiacha baiskeli kabisa.

Hata hivyo, kwa kawaida tatizo hili halitokani na uoga wala uvivu. Ni suala la hesabu: mwili umetumia sukari nyingi kuliko ile uliyokuwa nayo na ile iliyoongezwa njiani.

Je, sukari hii huwekwa wapi?

Vyakula vya wanga kama vile ugali, wali, chapati, viazi na ndizi husagwa tumboni na kugeuzwa kuwa glukosi, ambayo husafirishwa na damu. Ile isiyohitajika wakati huo huhifadhiwa kwa jina la glaikojeni katika ghala mbili, misuli na ini.

Misuli ya mtu mzima huweza kubeba gramu 300 hadi 500 hivi za akiba hiyo, nalo ini takriban gramu 100. Kwa kuwa kila gramu hutoa kalori nne, akiba yote kwa watu wengi hukaribia kalori 2,000.

Mwendeshaji anayekwenda kwa kasi ya mashindano anaweza kutumia kalori 600 hadi 800 kwa saa moja, na sehemu kubwa yake hutokana na sukari. Ndiyo maana aliyeanza safari akiwa ameshiba vizuri huweza kustahimili kwa saa tatu hivi, ilhali aliyetoka nyumbani na chai ya rangi pekee anaweza kukwama mapema zaidi.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona mwili usitumie mafuta yake? Mtu mwembamba wa kilo 65 anaweza kuwa na kilo sita za mafuta mwilini, ambazo ni zaidi ya kalori 40,000.

Mwili huyatumia, lakini mafuta huyeyushwa polepole na huhitaji oksijeni nyingi zaidi. Yanatosha kwa mwendo wa taratibu wa kwenda sokoni, wala hayatoshi kumkimbiza mtu mlimani. Kadiri kasi inavyozidi ndivyo misuli inavyotegemea sukari.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu. Misuli haina uwezo wa kuirudisha sukari yake kwenye damu. Kile kilichohifadhiwa pajani hutumika papo hapo pajani.

Ini ndilo linaloilisha damu, na ubongo hutegemea damu hiyo. Kwa bahati mbaya, akiba ya ini hupungua sana usiku mtu anapolala bila kula. Anayeamka na kwenda mashindanoni bila kifungua kinywa huanza safari akiwa tayari na upungufu.

Hii ndiyo sababu kishindo hiki hupiga kotekote. Misuli ikiishiwa, miguu huwa mizito. Ini likiishiwa, kichwa nacho huvurugika: mtu hukasirika ovyo, huona kizunguzungu, hushindwa kufanya hesabu ndogo ya kilomita zilizosalia na wakati mwingine hutamani tu kuketi kando ya barabara.

Wanasayansi wawili wa Uswidi, Jonas Bergström na Eric Hultman, walilithibitisha suala la misuli mnamo 1966 kwa kuitumia miili yao wenyewe. Walikaa kwenye baiskeli moja ya mazoezi, mmoja akiikanyaga kwa mguu mmoja kutoka upande huu na mwenzake kutoka upande wa pili, hadi wakachoka kabisa.

Walipochukua vipande vidogo vya misuli kwa sindano, walikuta glaikojeni imekwisha katika mguu uliofanya kazi lakini imebaki katika ule uliopumzika. Baada ya siku tatu za kula vyakula vya wanga, mguu uliochoka ulikuwa na akiba iliyokaribia maradufu ya ule mwingine.

Utafiti mwingine uliofanywa nchini Marekani na kuchapishwa mwaka wa 1986 na Edward Coyle na wenzake ulionyesha faida ya kula safarini. Waendeshaji waliopewa maji yasiyo na sukari walichoka baada ya saa tatu hivi. Walipopewa kinywaji chenye sukari, waliendelea kwa takriban saa nne.

Hata mabingwa hawajasalimika. Chris Froome, aliyezaliwa jijini Nairobi mwaka wa 1985 na kufunzwa mbio za baiskeli na Mkenya David Kinjah, alipatwa na balaa hili mbele ya macho ya ulimwengu.

Ilikuwa Julai 18, 2013, katika mashindano ya Tour de France, siku ambayo waendeshaji waliupanda mlima wa Alpe d'Huez mara mbili. Zikiwa zimesalia kilomita tano hivi, Froome aliinua mkono kuomba msaada. Mwenzake Richie Porte alirudi nyuma hadi kwenye gari la timu na kumletea chakula cha sukari.

Kupokea chakula karibu hivyo na utepe ni kinyume cha kanuni, na wote wawili waliongezewa sekunde 20. Froome alikubali adhabu hiyo, akafika kileleni na siku chache baadaye akatwaa ubingwa.

Mwendeshaji wa ridhaa hana Porte wala gari la kumfuata. Tuchukue mfano wa anayetoka Limuru, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, akateremka hadi Mai Mahiu na kulazimika kuupanda tena ukingo wa Bonde la Ufa. Kuteremka hakumchoshi, hivyo hudanganyika kuwa nguvu zingali tele. Nguvu zikimwishia wakati wa kurudi, yuko peke yake kwenye barabara yenye malori.

Hapo ndipo suala hili linapokoma kuwa la medali. Mtu aliyeishiwa sukari huchelewa kushika breki, huyumba na huenda asilione gari linalomkaribia.

Kinga huanza mapema. Siku moja au mbili kabla ya mashindano marefu, mwendeshaji anashauriwa kupunguza mazoezi na kuongeza wanga katika milo yake. Asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya kuanza, ale chakula alichokizoea kama vile uji wenye sukari, mkate, viazi vitamu au wali. Nyama ya kukaanga na vyakula vyenye mafuta mengi hukaa sana tumboni, hivyo havifai wakati huo.

Akiwa njiani, anahitaji kati ya gramu 30 na 60 za wanga kila saa iwapo mashindano yanazidi saa moja na nusu. Katika safari za zaidi ya saa mbili na nusu, wenye matumbo yaliyozoeshwa huweza kufikia gramu 90, mradi wachanganye aina tofauti za sukari.

Si lazima kununua vyakula ghali vya pakiti. Ndizi moja ya wastani ina gramu 25 hivi za wanga. Chupa ya nusu lita ya maji iliyotiwa vijiko saba vya chai vya sukari na chumvi kidogo ina takriban gramu 30. Tende nazo huingia mfukoni bila kusumbua.

La muhimu ni kuanza kula mapema, katika nusu saa ya kwanza, kisha kuendelea kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Anayengoja hadi ahisi njaa huwa amechelewa, kwani tumbo huhitaji muda kuifikisha sukari hiyo kwenye damu.

Kasi pia ni muhimu. Wengi hukwama kwa sababu walijaribu kuwafuata viongozi katika kilomita za mwanzo na kuimaliza akiba kabla ya mlima. Kujikinga na upepo nyuma ya mwenzako, inaporuhusiwa, huokoa nguvu nyingi.

Iwapo hali hiyo imekwisha kukupata, punguza mwendo mara moja au ushuke kwenye baiskeli. Kula au kunywa kitu chenye sukari, kama vile soda, kisha upumzike dakika 10 hadi 15 hadi kichwa kitulie. Nguvu za miguu huenda zisirudi zote siku hiyo, lakini utaweza kufika nyumbani. Usiteremke mlima ukiwa na kizunguzungu.

Ni vyema pia kutambua kwamba si kila uchovu ni wa njaa. Maumivu ya kifua, kuzirai, au kuchanganyikiwa kusikoondoka baada ya kula huhitaji daktari bila kukawia. Wenye kisukari, hasa wanaotumia insulini, wazungumze na daktari wao kabla ya kujiandikisha, kwani sukari yao inaweza kushuka hata baada ya mashindano kumalizika.

Kwa hivyo, ewe uliyekwama kwenye mlima Jumapili iliyopita, usiiuze baiskeli yako bado. Jiulize kwanza ulikula nini asubuhi hiyo, na mfukoni mlikuwa na nini.